Namna ya kuomba nafasi ya postidoki katika sayansi ya tiba, kuanzia tangazo hadi mkataba

Kila msimu wa kutetea tasnifu ukipita, maswali yaleyale hunifikia. Matangazo yanapatikana wapi? GPA yangu ya shahada ya kwanza inatosha? Kwa nini nimetuma maombi mengi na hakuna hata anayejibu? Nimeyakusanya majibu hapa kwa ajili yako wewe uliyemaliza uzamivu wa baiolojia ya molekuli, kinga ya mwili, vimelea, famakolojia au fani nyingine ya tiba, na sasa unatafuta nafasi ya utafiti chuo kikuu, nje au hapahapa nyumbani.

La kwanza, postidoki, yaani kazi ya utafiti baada ya uzamivu, ni ajira ya muda, si masomo. Mkuu wa maabara ameomba ruzuku, amepewa, ameahidi kazi fulani ifanyike ndani ya miaka fulani, na sasa anamtafuta mtu wa kuifanya. GPA yako haimhusu. Anachotaka kujua ni hiki: mtu huyu akiingia maabara kwangu Jumatatu, anaweza kushika nini kwa mikono yake? Yote yanayofuata yanahusu kumjibu swali hilo.

Viwe tayari kabla hujaanza

- Uthibitisho wa uzamivu. Mahafali huchelewa. Kama umeshatetea tasnifu na kukamilisha masahihisho, nenda kurugenzi ya masomo ya uzamili uombe barua inayosema hivyo, yenye tarehe. Vyuo vingi vya Uingereza vitakuajiri bila cheti, lakini kwa daraja la chini la mshahara, mpaka uthibitisho ufike.
- Makala angalau moja ambayo wewe ni mwandishi wa kwanza. Kama bado iko kwa wahariri, iweke bioRxiv au medRxiv (hifadhi za wazi za makala ambazo bado hazijapitiwa) ili isomeke, baada ya waandishi wenzako kukubali na jarida lenyewe kuruhusu.
- Wadhamini watatu wanaokujua kwa kazi, na wanaojibu baruapepe.
- Namba ya ORCID (utambulisho wa mtafiti mtandaoni), na orodha ya makala zako iliyo sahihi.
- Ukurasa mmoja wa mbinu unazozijua, umeandika wazi ipi unaifanya peke yako, ipi umeifanya chini ya usimamizi, ipi umeiona tu.
- Pasipoti yenye muda wa kutosha, na kadi ya chanjo ya homa ya ini B. Maabara nyingi zinazoshika damu ya binadamu zitaiuliza.
- Kama vyeti vyako ni vya Kifaransa, wewe wa Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi, tafuta mapema tafsiri iliyothibitishwa.

Hatua ya 1: Chagua swali, ndipo uchague nchi

Wengi huanza na nchi: "Nataka Kanada." Anza na ujuzi unaoukosa. Kama uzamivu wako ulikuwa wa kupima kingamwili kwa ELISA, kipimo cha kawaida cha maabara, na sasa unataka kusoma seli moja moja, tafuta maabara inayofanya hivyo kila siku, hata kama iko Entebbe. Andika sentensi mbili: ninachokijua, na ninachotaka kukijua baada ya miaka mitatu. Ukishindwa kuziandika, usitume maombi bado.

Hatua ya 2: Tafuta panapostahili

Matangazo ya wazi yako jobs.ac.uk kwa Uingereza, EURAXESS kwa Ulaya, na kurasa za kazi za majarida ya Nature na Science. Weka arifa kwa maneno ya fani yako, zije zenyewe.

Njia inayozaa zaidi, na wachache wanaitumia, ni kufuata pesa. Kanzidata ya NIH RePORTER, ya taasisi za taifa za afya za Marekani (NIH), inaonyesha ruzuku za utafiti wa afya za serikali ya nchi hiyo: nani amepewa, kwa kazi gani, na inaisha lini. Kwa Ulaya kuna CORDIS, kwa Uingereza kuna Gateway to Research. Tafuta jina la ugonjwa au mbinu yako. Ukiona maabara imepata ruzuku ya miaka mitano mwaka jana, huenda inahitaji watu hata kama haijatangaza. Ukiona ruzuku inaisha baada ya miezi minane, jua utakapofika pesa zitakuwa ukingoni.

Kisha angalia maabara zenye uhusiano na kwetu, maana zinajua uzito wa kazi iliyofanyika Korogwe au Kilifi. Swiss TPH, taasisi ya afya ya tropiki ya Basel, Uswisi, imeshikamana na taasisi ya utafiti ya Ifakara, Tanzania, tangu miaka ya 1950. Chuo cha Oxford kiko na mradi wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Kilifi, Kenya, tangu 1989. Duke wa Marekani wako hospitali ya KCMC Moshi, Weill Cornell, pia wa Marekani, wako hospitali ya Bugando Mwanza, Karolinska wa Uswidi wamefanya kazi na vyuo vya Makerere na MUHAS kwa muda mrefu, na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ina mizizi Kongo. Katika maabara hizo hutahitaji kueleza taasisi yako ni ipi.

Na usiruke nyumbani. Ifakara, KEMRI-Wellcome, kitengo cha utafiti cha MRC/UVRI na LSHTM kilichoko Entebbe, ILRI (utafiti wa mifugo) na icipe (utafiti wa wadudu) za Nairobi, zote huajiri watafiti wenye uzamivu. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wazuri wakikaa miaka miwili wakisubiri barua kutoka ng'ambo, huku mradi uliowafaa kabisa ukiwa umetangazwa mkoa wa jirani.

Kuna pia felosipu, yaani unaomba pesa kwa jina lako ukishapata maabara ya kukupokea. Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya iko wazi kwa raia wa nchi yoyote, mradi hujavuka miaka 8 ya utafiti baada ya uzamivu na hujaishi katika nchi unayoendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Dirisha lake kwa kawaida hufungwa Septemba. Humboldt ya Ujerumani hutaka uwe ndani ya miaka 4 tangu uzamivu. Wellcome Early Career Award ni ya wenye uzoefu usiozidi takriban miaka 3 baada ya uzamivu, na unaweza kuitumia ukiwa katika taasisi ya hapa Afrika Mashariki. Zote zinataka mwenyeji, kwa hiyo mwandikie mwenyeji miezi mitano au sita kabla ya dirisha kufungwa. Ukimwandikia Agosti kwa ajili ya Septemba, atakataa hata kama amekupenda.

Hatua ya 3: Soma tangazo neno kwa neno

Chukua mfano wa tangazo la aina inayotoka kila wiki:

"Tunatafuta mtafiti wa postidoki, miaka 2, uwezekano wa kuongezwa, kuchunguza mwitikio wa seli B kwa watoto walioambukizwa malaria. Lazima: uzamivu wa kinga ya mwili au fani inayokaribia, flo saitometri, uchambuzi wa data kwa R. Itapendeza: uzoefu wa kusoma RNA ya seli moja moja, kufanya kazi na sampuli kutoka maeneo ya malaria."

Seli B ni seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili, flo saitometri ni kutambua na kuhesabu seli kwa mashine ya leza, na R ni lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu. "Miaka 2" ndiyo pesa iliyopo. "Uwezekano wa kuongezwa" ni tumaini tu, ulizia kwenye usaili. Yaliyo chini ya "lazima" ndiyo mchujo: kwa vyuo vingi vya Uingereza, kamati hupewa jedwali na kuweka alama kwa kila kigezo, na usipolitaja jambo hupati alama hata kama unalijua. Yaliyo chini ya "itapendeza" ndiyo yanayotenganisha watu watano wa mwisho. Na hapo mstari wa mwisho ni wako, wewe uliyechukua damu ya watoto kwenye zahanati isiyo na umeme wa uhakika. Mwombaji wa Boston hana hicho. Kiseme kwa sauti.

Ukikosa kigezo kimoja cha "lazima", omba, ueleze ulichonacho kinachokaribia. Ukikosa viwili au zaidi, achana nalo.

Hatua ya 4: Panga wasifu upya kwa tangazo hilo

Ondoa picha, dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho, shule ya msingi na sekondari. Vyuo vya Uingereza na Marekani havitaki kuviona. Weka kwa mpangilio huu: elimu, uzoefu wa utafiti, mbinu, makala, fedha ulizowahi kupata (hata ruzuku ndogo ya kusafiri), mawasilisho, ufundishaji, wadhamini.

Kwenye uzoefu wa utafiti usiandike "nilishiriki katika mradi wa malaria". Andika ulichofanya wewe, kwa sampuli ngapi, kwa mashine gani, na kilitoa nini. Kwenye makala, kolezea jina lako wino na utenganishe zilizochapishwa, zilizo kwa wahariri, na zinazoandaliwa. Usiweke makala "inayoandaliwa" ambayo haijaandikwa hata ukurasa, utaulizwa.

*Angalizo:* majarida yanayochapisha chochote kwa malipo ndani ya wiki moja yanakuharibia. Msomaji akiona mawili matatu ya namna hiyo, anaanza kuzitilia shaka hata makala zako nzuri.

Hatua ya 5: Andika barua inayojibu tangazo

Hapa ndipo maombi mengi hufa, na nimesoma ya kutosha kujua yanakufa vipi. Barua nyingi huanza hivi:

"Mheshimiwa Bwana, mimi ni mtafiti mwenye bidii, ari na nidhamu, na ningependa sana kujiunga na maabara yako maarufu duniani ili kutimiza ndoto yangu."

"Bwana" huyo mara nyingi ni mama. Maabara haikutajwa inafanya nini, na sentensi hiyo inaweza kutumwa popote, kwa hiyo inasomwa kama iliyotumwa kila mahali. Linganisha na hii:

"Mpendwa Dkt. (jina), naomba nafasi ya postidoki ya seli B na malaria. Katika uzamivu wangu nilitenganisha seli nyeupe za damu ya watoto wa vijiji vya Korogwe ndani ya saa sita tangu damu kutolewa, nikazigandisha, kisha nikazisoma kwa flo saitometri ya rangi kumi na mbili. Mchanganyiko wa kingamwili niliupanga mwenyewe, na data niliichambua kwa R. Katika makala yenu ya mwaka jana mlionyesha seli B zisizo za kawaida zikiongezeka kwa watoto wanaougua mara kwa mara. Ningependa kujua kama zinapungua mtoto anapohama eneo la malaria, na nadhani sampuli za mradi wenu zinaweza kulijibu swali hilo."

Barua yenyewe itakuwa kwa Kiingereza, lakini mwendo wake uwe huu: nani, nafasi gani, mikono yako imefanya nini, umesoma nini chao, una swali gani. Ukurasa mmoja, usizidi kurasa mbili. Kama tangazo lina vigezo, vifuate kwa mpangilio wake, aya kwa aya.

Unapoandika bila kuwapo tangazo, fupisha zaidi: aya tatu, wasifu umeambatishwa, na mada ya baruapepe iseme jambo ("Ombi la postidoki kuanzia Januari: kinga ya mwili, malaria, flo saitometri"). Mtumie mtu mmoja mmoja. Baruapepe moja yenye anwani arobaini zinazoonekana hufutwa na wote arobaini.

*Angalizo kubwa:* usiahidi sampuli. Nimeona waombaji wakiandika "ninazo sampuli elfu mbili kutoka kwenye uzamivu wangu, nitakuja nazo". Sampuli hizo si zako. Ni za washiriki waliokubali zitumike kwa kazi fulani, na taasisi yako ndiyo inayozitunza. Kuzitoa nchini kunahitaji kibali cha kamati ya maadili na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kwa Tanzania mambo hayo hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Data pia ina mikataba yake. Mkuu wa maabara mwadilifu akisoma ahadi hiyo atakuogopa, na yule atakayefurahi ndiye wa kuogopwa na wewe. Sema badala yake kwamba unaufahamu mradi na uko tayari kusaidia mazungumzo rasmi kati ya taasisi mbili.

Hatua ya 6: Waandae wadhamini

Waombe kabla hujaandika majina yao. Watumie tangazo, wasifu, barua yako, na mistari mitano ya mambo ambayo ungependa wayataje. Mmoja awe msimamizi wako wa uzamivu; asipokuwepo, watu watajiuliza kwa nini. Baadhi ya mifumo huwatumia wadhamini kiungo siku ileile unayobonyeza "tuma", na kiungo kikaingia kwenye taka. Mpigie mwalimu wako simu, umwombe kwa heshima aangalie. Prof. aliye safarini Dodoma hatakasirika kwa kukumbushwa mara moja.

Hatua ya 7: Usaili

Kwanza saa. Wakikuandikia 14:00 za London, wakati wa baridi hiyo ni saa kumi na moja jioni Dar na Nairobi. Wakati wa kiangazi ni saa kumi jioni. Ulaya hubadili saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, Marekani hubadili katikati ya Machi na mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo katika wiki hizo tofauti si ile uliyoizoea. Bujumbura, Kigali na Bukavu mko saa moja nyuma ya Dar. Jibu kwa kutaja saa zote mbili ili wakusahihishe mapema.

Utaombwa kuwasilisha kazi yako kwa dakika ishirini au zaidi kidogo. Tumia slaidi chache: swali, ulichofanya, matokeo mawili au matatu, unachopanga kufanya kwao. Usisome slaidi. Kwenye kila grafu sema kwanza mhimili ulalao na usimamao ni nini, halafu matokeo. Jiandae kwa swali hili, maana huja karibu kila mara: "Jaribio gani lilishindikana, ukafanya nini?" Watu wetu huona aibu kulijibu. Lijibu kwa kina: kingamwili ipi ilileta ishara ya uongo, uligunduaje, ulibadili nini. Kwa jibu hilo wanaona namna unavyofikiri mambo yanapoharibika.

Watumie slaidi kwa PDF saa moja kabla. Kompyuta iwe imejaa chaji, simu iwe na bando la kutosha kuwasha mtandao wa dharura, na namba ya simu ya mmoja wao iwe mezani kwa siku TANESCO au KPLC wakikata umeme.

Nawe uliza. Omba kuzungumza peke yako na postidoki mmoja aliyepo na mwingine aliyeondoka. Muulize aliyeondoka yuko wapi sasa, na ilimchukua muda gani kuchapisha.

Hatua ya 8: Kabla ya kusaini

Uliza kwa maandishi: pesa za mshahara zinatoka wapi na zinaisha lini, mshahara ni kiasi gani kabla na baada ya makato, nani atakuwa mwandishi wa kwanza kwenye kazi utakayoiongoza, kipande gani cha kazi utaruhusiwa kuondoka nacho utakapoanzisha maabara yako. Kwa Marekani, kiwango cha NIH cha anayeanza kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka 2024, na vyuo vingi hukitumia kama kipimo; linganisha na kodi ya nyumba ya mji huo kabla hujashangilia. Mwaka 2025 ruzuku nyingi za NIH zilisitishwa au kucheleweshwa, kwa hiyo swali la pesa si la kuonea haya.

Hatua ya 9: Viza

Uingereza: uliza chuo kama fani yako inahitaji cheti cha ATAS (kibali cha usalama kwa watafiti wa kigeni wa fani nyeti), ambacho huchukua siku 30 za kazi au zaidi. Utapimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi 6, basi usipime mapema mno. Ada ya huduma ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na hulipwa yote kwa mpigo. Kwa mkataba wa miaka mitatu ni pauni 3,105, kabla ya mwenza na watoto. Uliza chuo kama kitalipa au kitakukopesha.

Marekani: wengi huenda kwa viza ya J-1, chuo kikikutumia fomu DS-2019, nawe unalipa dola 220 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wageni wa masomo na utafiti. Kwa mtafiti ina ukomo wa miaka 5. Angalia kwenye fomu kama umewekewa sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili, kwa sababu litakuzuia baadaye kubadili viza. Tangu 2025 kuna vizuizi vya viza kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na orodha hubadilika. Thibitisha hali ya pasipoti yako kwenye tovuti ya ubalozi kabla hujatumia miezi kwenye maombi.

Usiache kazi uliyonayo, wala kuuza gari, kabla viza haijagongwa.

Yakikwama

*Hakuna anayejibu.* Subiri siku kumi za kazi, kumbusha mara moja, endelea na wengine. Kama maombi mengi yamepita kimya, tatizo liko kwenye aya ya kwanza ya barua. Mpe mtu wa maabara nyingine aisome, akuambie kwa sentensi moja unajua kufanya nini. Akishindwa, andika upya.

*Unaitwa kwenye usaili lakini hupati.* Karatasi zako ni nzuri. Omba maoni kwa ustaarabu, na fanya mazoezi ya wasilisho mbele ya watu wasiojua fani yako.

*Wewe na msimamizi wako hamko vizuri.* Mtumie mjumbe wa kamati ya tasnifu au mshirika wa nje kama mdhamini, na umweleze mkuu wa maabara kwa sentensi moja tulivu, bila kumsema vibaya mtu.

*Miaka imepita tangu uzamivu.* Likizo ya uzazi, ugonjwa na kulea huzingatiwa katika felosipu nyingi, nawe huongezewa muda. Taja tarehe, ambatisha uthibitisho.

*Unaombwa pesa.* Hakuna chuo cha kweli kinachodai ada ya kushughulikia ombi la kazi au "dhamana ya nyumba" kabla ya mkataba. Angalia baruapepe inatoka anwani ya chuo chenyewe, tafuta jina la mtu huyo kwenye ukurasa wa idara yake, kisha mwandikie kupitia anwani iliyoko pale.

*Viza inachelewa kuliko tarehe ya kuanza.* Mjulishe mkuu wa maabara na ofisi ya wafanyakazi siku ileile unapoona itachelewa, omba barua mpya yenye tarehe iliyosogezwa, na muulize kama kuna uchambuzi wa data unaoweza kuanza nao ukiwa nyumbani. Usianze kazi ya malipo bila idhini ya maandishi ya ofisi ya wafanyakazi, kwa kuwa malipo ya mbali yana sheria zake za kodi katika kila nchi.